Tone Moja kwa Kila Shikamoo

Vijana mnaoshika spana leo, mimi sina ugomvi na digrii. Ninayo moja. Niliipata katika chuo kikuu cha Uganda, Mwingereza bado akitutawala, na siku niliyoripoti mto Ruvu kutunza boti ya injini nilifika na vitu vitatu vya maana: digrii hiyo, kofia ya pama, na viatu vya ngozi. Kofia ilikuja kufaa kwa kuchujia petroli. Viatu vikafaa kwa kuchotea maji. Digrii ndiyo iliyoyaingiza hayo maji.

Nimetunza boti za serikali kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na kila nikiitwa kuzungumza na wanafunzi wa ufundi huombwa nieleze nilivyofaulu. Sijui nilivyofaulu. Ninachokijua vizuri ni nilivyokosea, maana hayo niliyafanya mwenyewe.

Kituo chetu kilikuwa ukingoni mwa Ruvu, upande wa Mlandizi, mahali ambapo maji hayajafika bado kwenye daraja la reli. Idara ya maji ilitaka kujua kina cha mto na mwendo wake, masika na kiangazi, kwa hiyo kila asubuhi tulivuka polepole kwa boti tukitumbukiza vipimo. Nyinyi mmezoea mashine zinazoning'inia nyuma ya boti. Ikigoma unaing'oa, unaibeba kwapani kama kuku mgonjwa, unaipeleka kwa fundi. Yetu ilikaa tumboni mwa boti, silinda mbili, ikiwashwa kwa petroli na ikishapata moto inapewa mafuta ya taa. Kutoka kwenye injini, shafti ya chuma ilipita chini ya sakafu ya mbao, ikatokea nyuma, ikazungusha pangaboi majini.

Hebu fikirini hapo. Ili shafti itoke nje, ni lazima boti itobolewe. Mtu mwenye akili zake timamu ametengeneza boti, kisha akaitoboa kwa makusudi, chini ya maji. Hilo ndilo swali langu la kwanza siku ya kwanza: kwa nini isizame?

Niliyemuuliza ni Fundi Maganga. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mpana wa mabega, mwenye kucha nyeusi ambazo sabuni ilishazikatia tamaa. Mwanzoni hakunijibu. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akauliza kwetu ni wapi. Nikasema Kisarawe.

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

Akaweka spana chini, akageukia nyumba yake iliyokuwa juu ya mwinuko, akampazia mkewe sauti. "Mwanahawa, njoo uone. Nimeomba msaidizi, serikali imeniletea mtumwa wangu."

Nikamwambia nilisikia serikali inatafuta mtu wa kubeba boti kichwani kutoka Tabora, na sasa naona imempata.

Akacheka mpaka akakaa. Ndivyo tulivyoanza.

Kwa wale mliokulia mjini: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu zamani za misafara, Wanyamwezi walipobeba mizigo kichwani hadi Pwani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu, akachukua kitu chako mchana kweupe, akaja kwenye msiba wenu akavuruga vilio kwa vichekesho. Na mtani huyohuyo ndiye anayeingia kaburini wa kwanza kuchimba. Mimi yote hayo nilikuwa nayahoji. Niliporudi kutoka chuoni nilihoji kila kitu: kwa nini nyota, kwa nini serikali, kwa nini mahari. Mama alikuwa akiniona nafungua mdomo anakumbuka ana kitu jikoni. Lakini utani hauhojiki, kwa sababu ukiuhoji, mtani wako anapata jambo jipya la kukutania.

Siku ya pili alinivua kofia. Niliivaa kwa fahari, pama la kijivu nililonunua Kampala. Aliichukua kichwani pangu bila kuomba, akaibonyeza ndani ya faneli, akamimina petroli juu yake. Alisema kichwa cha Mzaramo hakina cha kuchuja, basi kofia ipewe kazi.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana elimu. Petroli ile ililetwa kwa mapipa, na mapipa yalikuwa na maji na kutu. Sufu nzito ya kofia, ukishailowesha kwanza kwa petroli, hupitisha petroli na kuyabakiza maji juu, madogomadogo, yanabingirika kama shanga. Sikuamini. Nikarudia peke yangu mara nne, nikitia maji kwa makusudi. Mara zote nne kofia ilishinda. Mtu huyu hakuwa amesoma hata darasa moja, naye alikuwa anaharibu mali yangu kwa njia ya kisayansi.

Hapo ndipo tabu yangu ilipoanza. Maganga hakuwa na njia ya kufundisha isipokuwa kutukana. Kila agizo la kazi lilikuja limefungwa ndani ya utani, na baadhi ya utani haukuwa na agizo lolote ndani yake. Kama mtu wa vitabu, nikaamua kuchambua. Nikagawa ukurasa wa daftari: upande huu Kazi, upande huu Utani.

Aliniambia kabla ya kuwasha injini niinue ubao wa sakafu nikanuse chini kama fisi wa Kisarawe. Nikaandika Utani. Siku tatu baadaye aliniona nataka kuwasha bila kunusa, akanishika mkono, akainua ubao mwenyewe, na harufu ya petroli ikatupiga pua. Mrija ulikuwa unavuja, na mvuke wa petroli ulikuwa umelala kule chini ukisubiri cheche moja tu. Nikafuta, nikaandika Kazi.

Aliniambia boti isipokojoa nisiendelee na safari. Nikaandika Utani. Kumbe alimaanisha maji yanayopooza injini, ambayo huvutwa mtoni na kutemwa ubavuni. Yakiacha kutemwa, majani yameziba chujio, na una dakika chache kabla injini haijaiva kama muhogo. Kazi.

Aliniambia nikishika hendeli ya kuwashia, dole gumba likae upande mmoja na wenzake, nisilikunjie upande wa pili, maana Wazaramo wana vidole vya kushikia madafu tu. Hilo niliandika Utani kwa kalamu nzito. Hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu, ikalipiga dole gumba langu likavimba kama embe bolibo. Wiki mbili nilikula ugali kwa mkono wa kushoto, niko peke yangu nyuma ya ghala kwa aibu, na Bi Mwanahawa akinipelekea mboga ya mchicha akijizuia kucheka. Yeye alikuwa Mzaramo mwenzangu, wa kwetu Kisarawe, na aliniambia nimvumilie mumewe, kwamba yeye mwenyewe ilimchukua miaka miwili kujua alikuwa ameposwa kweli.

Kufikia mwezi wa tatu, upande wa Utani ulikuwa umebaki na mambo mawili. La kwanza lilikuwa kwamba injini isisifiwe ikiwa inasikia. Hilo mpaka leo sijalithibitisha, ingawa huwa siisifu. La pili lilikuwa koo.

Pale shafti inapotoboa boti pana kikombe cha shaba. Ndani yake inazungushwa kamba laini iliyopakwa shahamu, na juu yake nati kubwa inayoikandamiza kamba isiruhusu mto kuingia. Maganga aliita mahali pale koo la boti. Kila asubuhi injini ikishazunguka, alipiga magoti, akainamisha kichwa karibu na ile nati, akasema kwa adabu zote: "Shikamoo."

Kisha anasubiri. Tone moja la maji linadondoka kutoka kwenye koo. "Marahaba," anajiitikia mwenyewe, anainuka.

Siku nyingine tone lilichelewa. Hapo alisema bibi amenuna, akailegeza nati kidogo sana, kiasi cha upana wa kucha, akaanza upya shikamoo zake. Siku nyingine matone yalikuja mawili mawili, akasema bibi ana maneno mengi leo, akakaza. Alitaka na mimi nifanye vilevile. Nilimuuliza kwa nini boti ivuje hata tone moja, na jibu lake lilikuwa hili:

"Boti hii Mzaramo. Koo likikauka haifanyi kazi."

Jamani, semeni kweli, nyinyi mngeandika upande gani? Nilikuwa na hakika ananitega nipige magoti kuamkia nati, ili jioni awasimulie wachuuzi wote wa Mlandizi. Nikaandika Utani, nikapiga mstari chini yake.

Ndipo barua ikaja. Mhandisi mkubwa wa idara, Mwingereza, angefika Alhamisi kutoka Dar es Salaam kuangalia boti. Palikuwa na mpango wa kutandika waya wa chuma kutoka ukingo hadi ukingo, vipimo viwe vinavutwa juu ya waya, boti iuzwe. Kama boti ingeonekana bado inafaa, ingebaki. Kama siyo, waya ungewekwa na Fundi Maganga angerudishwa kwao.

Nilimsomea barua ile mara mbili kwa Kiswahili. Alikuwa na miaka kumi na mbili pale mtoni. Tabora hakuwa na mtu tena, wazazi walishafariki na ndugu walishatawanyika. Na Bi Mwanahawa alishasema, si mara moja, kwamba ameolewa Ruvu, Tabora haendi. Kwa hiyo kile kilichoandikwa katika barua kama suala la boti na waya, nyumbani kwa Maganga kilikuwa suala la mke. Alikunja barua, akaniambia nikaoshe chujio. Hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha.

Tulifanya kazi siku tano kama tunaoandaa harusi. Tulibadilisha oili, tukasugua plagi kwa msasa, tukaanika magineto juani kwa sababu magineto ikipata unyevu cheche zinakufa. Kila kikombe cha grisi tulikijaza. Jumatano asubuhi boti ilikuwa inazunguka vizuri, shikamoo na marahaba zikilingana, na Maganga alikuwa ameanza tena kuniita mtumwa. Nikafarijika.

Saa nne akaja mtu kutoka Soga na habari ya msiba. Mzee Kondo, Mzaramo aliyekuwa rafiki na mtani wa Maganga tangu afike Pwani, amefariki alfajiri na anazikwa baada ya adhuhuri. Kwa mtani hakuna kusema nina kazi. Kama Maganga asingekwenda, pale Soga wangesema marehemu amezikwa kama asiye na watu. Alivaa, akapata nafasi kwenye toroli la mafundi wa reli, na kabla hajaondoka akanigeukia.

"Futa vumbi. Paka rangi unapotaka. Koo usiguse, Mzaramo wewe, utaua bibi."

Nikamjibu aende akawabebee jeneza kichwani. Akaenda.

Nilifuta vumbi. Nilipaka rangi. Nanga ilikuwa na kutu, nikaona aibu mhandisi aione vile, nikaipeleka nchi kavu nikaipaka rangi nyeusi, ikang'aa. Alhamisi alfajiri nilirudi kukagua kila kitu, nikainua ubao wa nyuma, na pale, chini ya koo, palikuwa na kidimbwi cha maji. Kidogo, kama bakuli la mchuzi. Nikakikausha kwa tambara. Kikarudi.

Sasa jiwekeni mahali pangu. Mzungu anakuja kuamua kama boti inafaa, na boti inavuja. Mimi nimesoma fizikia ya vimiminika. Kazi ya kizibo ni kuziba. Nikachukua spana, nikaipa nati robo mzunguko. Maji yakapungua. Robo nyingine. Yakawa jasho. Nikakaza mara ya tatu kwa mikono miwili, nikatoka jasho mimi, koo likakauka. Nilipita kidole pale, hakuna kitu. Nilijisikia vizuri mno. Nilikuwa nimeiponya boti ugonjwa ambao fundi wake alikuwa akiuamkia kwa miaka kumi na mbili.

Mhandisi alifika saa tatu kwa gari. Alikuwa mrefu, mkimya, na Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai. Maganga alifika nyuma yake kwa dakika kumi, akikimbia kutoka stesheni, amevaa kanzu nyeupe iliyomfikia chini ya nyayo. Ilikuwa kanzu ya marehemu. Ndivyo watani wanavyofanya msibani: alikuwa ameivaa usiku kucha akiigiza mwendo wa Mzee Kondo na kikohozi chake, wafiwa wakilia na kucheka kwa pamoja, na kwa desturi haivui mpaka wenyewe waikomboe kwa fedha kidogo. Hawakuwa wameikomboa, na treni haikungoja. Mhandisi aliitazama ile kanzu, akanitazama mimi. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba fundi ametoka kwenye shughuli ya dini. Ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

Tukaingia boti. Maganga alinusa, akawasha kwa mzunguko mmoja, maji yakatemwa ubavuni. Alipotaka kwenda nyuma kupiga magoti, mhandisi aliashiria tuondoke mara moja, naye Maganga akashika usukani. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, ukibeba magogo. Boti ilikata maji vizuri. Mhandisi aliandika kitu, na nilichungulia nikaona ni neno la sifa. Ukingoni juu ya mwinuko nilimwona Bi Mwanahawa amesimama, khanga kichwani.

Katikati ya mto nikasikia harufu, kama ya mtu anayekaanga kamba ya kitanda. Kisha mlio mwembamba kutoka nyuma, kama paka amekanyagwa. Kisha moshi ukapenya kati ya mbao za sakafu.

Maganga hakuuliza chochote. Aliinua ubao, akaiona nati, akaona alama mpya za spana kwenye shaba. Akaniangalia. Vijana, nimeangaliwa na viongozi, na mahakimu, na mamba mmoja wa Rufiji, na bado ni macho yale ninayoyakumbuka.

Akazima injini.

Niwaeleze kilichotokea pale chini, maana ndiyo sababu ya kuwasimulia. Shafti inazunguka ndani ya kamba. Lile tone moja ndilo linaloipooza na kuilainishia njia. Ukiinyima tone hilo, shafti inasugua pakavu, inapata moto, inaunguza kamba, na ukishaunguza kamba huna tena kizibo. Unayo tundu. Maganga alipolegeza nati ili aone kilichobaki, majivu yakatoka kwanza, halafu Ruvu ukaingia.

Alipaza sauti niteremshe nanga. Nikakumbuka nanga iko nchi kavu, inakauka rangi.

Basi boti ikawa inashuka na mto kuelekea nguzo za daraja, bila injini, na maji yakipanda. Nilivua viatu nikaanza kuchota, kiatu mkono huu, kiatu mkono huu. Kimoja kiliniponyoka kikaenda zake. Mhandisi alishika kasia refu akawa anasukuma magogo, na lazima niseme haki yake, hakuuliza maswali. Maganga alivua kanzu ya marehemu. Akabaki na kaptura. Akaishika kanzu mkononi kwa muda mfupi, akanong'ona, "Mtani, niazime," akaichana kuanzia chini, ukanda mrefu, akauzamisha kwenye kopo la grisi, akausokota kama mtu anayesuka ukili, akaulaza ndani ya koo kuizunguka shafti. Akachana ukanda wa pili, na wa tatu, kila mmoja akiukata mshazari na kuuanzia upande mwingine ili miungano isikae mahali pamoja. Hilo nalo lishikeni. Mikono yake ilikuwa chini ya maji muda wote, akifanya kwa kupapasa. Akarudisha nati kwa vidole, bila spana.

Maji yakapungua. Nguzo ya daraja ilikuwa karibu kiasi cha kuona kutu ya misumari yake. Aliwasha. Boti ikatetemeka, ikageuka, ikaanza kupanda mto.

Na pale, mbele ya mhandisi mkubwa wa idara, Fundi Maganga alipiga magoti ndani ya maji, kaptura ikiwa imelowa, akainamisha kichwa. "Shikamoo." Likadondoka tone. "Marahaba." Mhandisi alivua kofia yake. Nafikiri alidhani tunasali.

Tulipofunga kamba ukingoni, Mwingereza yule alisimama, maji yakimtoka suruali, akaniuliza ni nani aliyekaza ile nati. Aliuliza kwa Kiingereza, akimtazama Maganga, maana mwenye boti ni fundi. Maganga alisimama tu, hajui kinachosemwa. Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikasema ni mimi.

Akauliza kama sikuelekezwa. Nikasema nilielekezwa kila siku kwa miezi mitatu, ila nilidhani ni mzaha. Akauliza kwa nini fundi afanye mzaha na koo la boti. Ikabidi nimweleze utani, wote, tangu misafara, pamoja na kanzu. Nilieleza kwa Kiingereza kizuri kabisa na nilipomaliza nilijua kwamba hakuna sentensi hata moja iliyosikika kama ya mtu mwenye akili. Akauliza swali moja la mwisho: nitajuaje mtu huyu akisema kweli? Nikamwambia ndilo somo nililokuwa nikisoma.

Akatazama boti. Akatazama mto, na ile nguzo. Akasema waya ubaki ghalani, kwa kuwa hajaona bado waya unaoweza kujitengeneza wenyewe katikati ya mto. Boti inabaki, fundi anabaki. Na yule mhitimu asiachwe peke yake na spana. Akapanda gari akaondoka.

Maganga alikuwa amesimama kando yangu, vipande vya kanzu mkononi. "Amesemaje?"

Mnajua nilikuwa nimeshika nini mdomoni wakati ule? Utani mkubwa kuliko wote aliowahi kunifanyia. Mtu hajui Kiingereza, mzungu ameshaondoka, na mimi ndiye peke yangu ninayejua. Lakini yeye alishageuka kutazama nyumba yake juu ya mwinuko. Nikamwambia kweli tupu, neno kwa neno: boti inabaki, na wewe unabaki, na mimi nisiachwe peke yangu na spana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mzungu hawezi kusema hivyo," akasema. Akachukua sanduku lake la spana, akaanza kupanda mwinuko kwenda nyumbani.

Nilimfuata pekupeku nikiapa. Alisema Mzaramo akiapa ndipo mtu afiche kuku wake. Nikamsihi. Akasema amechoka, kesho nitamtania vizuri, leo nimwache.

Mlangoni kwake palikuwa na mizigo. Bi Mwanahawa aliuona moshi kutoka juu, akajua yaliyobaki. Nilitazama vizuri, na Maganga naye akatazama: vifurushi vilikuwa viwili, na wa kurudishwa Tabora alikuwa mmoja.

"Huu wa pili wa nani?" aliuliza.

"Wa nani mwingine," akajibu mkewe, akiendelea kukaza fundo.

Nikarudia kwa mara ya tano, boti inabaki, naye Maganga akarudia kwamba hayo niyaache, na hapo nikapandwa na hasira. Nilipiga kelele. Nilimwita mzee mkaidi asiyejua kusikiliza, mimi, na mguu wangu unatoka damu kwa miiba ya njiani. Kwa watani kukasirika ni aibu kubwa, mtu akikasirika ameshindwa mchezo, na mimi kwa miezi mitatu sikuwa nimekasirika hata kwa kofia, hata kwa dole gumba.

Maganga aliweka sanduku chini.

"Amekasirika," alimwambia mkewe. "Basi ni kweli."

Bi Mwanahawa aliyaacha mafundo yalivyo, akasema atakayetaka chungu chake afungue mzigo mwenyewe. Maganga alikaa kizingitini. Nilidhani atacheka, au atashukuru Mungu, au angalau atanitukana. Alinitazama kwa makini, kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Na boti," akaniuliza, "umeiacha na nani?"

Koo lilikuwa na vipande vya kanzu ya Mzee Kondo tu na nati iliyokazwa kwa vidole, na maji hayakuwa na wa kuyachota. Tukateremka mwinuko mbio, yeye mbele na kopo la grisi, mimi nyuma na kamba mpya, na njia nzima hakuna aliyetania.